Shangazi Nyuzi Akujibu: Ama Mimi Ama Hiyo Amplifaya

Zamani mlikuwa mkiniandikia kuhusu wachumba. Siku hizi mfuko wa barua ukifunguliwa ni prosesa tupu: ipi inafaa nyumbani, ipi haiwakeri majirani, ipi itamfanya kijana wa Lanet asikike kama Franco wa rumba. Kwa wasomaji wageni, prosesa ni kile kisanduku cha kuigiza amplifaya. Unachomeka gitaa upande huu, na upande wa pili unatoka mlio wa amplifaya ambayo hukuinunua. Mimi nilipiga rizimu miaka kumi na saba katika bendi za hoteli, kutoka Naivasha hadi Eldama Ravine. Sikio langu la kushoto lilibaki huko. La kulia ndilo linalowajibu.

*Shikamoo Shangazi. Tunaishi Section 58, ploti ya nyumba kumi na mbili. Nina amplifaya ya wati 100 niliyouziwa na bendi iliyovunjika. Nikiiwasha tu, hata kitufe cha sauti kikiwa kwenye moja, keateka ashafika mlangoni. Juzi mke wangu amesema nichague, ama yeye ama hiyo amplifaya. Nifanyeje? – Mume wa Solo*

Marahaba. Chagua mke. Amplifaya ya wati 100 haitakupeleka hospitali usiku ukiugua.

Sasa tuzungumze kama wanamuziki. Amplifaya kubwa ya valvu hupendeza inaposukumwa, valvu zikipata moto na spika ikianza kuhema. Kwenye moja huwa imelala, na wewe huwezi kuifikisha kwenye tano bila kufukuzwa ploti. Kuiweka katika nyumba ya vyumba viwili ni kufuga ndovu ili upate mbolea ya sukumawiki. Prosesa inafanya hesabu ya yale ambayo valvu, transfoma na spika huufanyia mlio wa gitaa, kisha inakupa jibu kwa sauti ndogo kadiri utakavyo. Si uchawi wa jana. Mwaka 1982 Tom Scholz, mpigaji gitaa wa bendi ya Boston ya Marekani, alitoa Rockman, kidude cha kubeba kiunoni na kusikiliza kwa hedifoni. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ikatoa POD, kisanduku chekundu chenye umbo la haragwe, na tangu hapo vimezaana kama sungura.

Sheria nayo iko upande wa mke wako. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinataka makazi ya watu yasizidi desibeli 35 usiku, na usiku wenyewe unahesabiwa kuanzia saa mbili. Desibeli 35 zimezidi mnong'ono kidogo tu. Kwa hiyo tafuta prosesa yenye tundu la hedifoni, mahali pa kuingizia wimbo kutoka kwenye simu ili upige ukiufuata, na ikiwezekana betri, kwa sababu stima ya mtaa wenu naijua. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, nunua hedifoni nzuri. Hizo ndizo spika yako sasa. Kuna mtu alinunua prosesa ya bei ya mbuzi wanne, akaisikiliza kwa iafoni za bure zilizokuja na simu, halafu akanipigia kulalamika kwamba inalia kama redio ya kinyozi.

Mkeo bado atasikia kwekwe-kwekwe ya nyuzi kavu. Hiyo ataizoea.

*Shangazi, mimi ni wa Elburgon na nataka kupiga mugithi. Nimenunua prosesa yenye sauti 200. Nimezipitia zote siku tatu mfululizo. Zinanguruma kama lori linalopanda Mau Summit. Je, nimeuziwa mbovu? – One-Man Asiye na Gitaa*

Si mbovu, mwanangu. Hizo sauti za kiwandani zimewekwa ili zikuduwaze dukani. Nyingi ni za roki, zimejaa mngurumo na mwangwi wa pango. Hakuna aliyekaa kiwandani akamfikiria Mike Rua wa mugithi.

Muziki wetu huku, tangu benga ya Shirati Jazz hadi mugithi ya Jumamosi usiku, unataka mlio safi, mkavu, unaokatika kama kuni za mkungu. Fanya hivi. Zima kila kitu: mwangwi, mngurumo, vyote. Tafuta kwenye orodha mfano wa amplifaya iliyosifika kwa usafi. Kuna mbili. Twin Reverb ya Fender, ya miaka ya sitini, na Jazz Chorus ya Roland, iliyotoka mwaka 1975. Watengenezaji wengi hukwepa kutaja jina la mwenyewe, kwa hiyo angalia palipoandikwa "Twin", "Double", "Jazz" au namba 120. Punguza kitufe cha geini hadi ukipiga kwa nguvu zako zote mlio usikwaruze. Besi ishushe. Sauti za katikati zipandishe kidogo, maana hapo ndipo gitaa la solo linapojipenyeza kati ya ngoma na mwimbaji. Weka kompresa ya wastani, ili noti za haraka zitoke sawasawa, isiwe moja inapiga kelele na nyingine inanong'ona.

Halafu jaribu kitu kimoja. Nenda freti ya 12, piga nyuzi mbili za chini, ule wa kwanza na wa pili, kwa pamoja, kama unavyosikia kwenye sebene au benga, noti mbili zikitembea bega kwa bega. Ukisikia zinagombana, kama kuku wawili na punje moja, geini bado iko juu. Ishushe tena. Zikianza kuelewana, tikisa vidole uone kama kila mguso unasikika. Ukishapata hapo, hifadhi hiyo sauti kwenye namba moja. Namba mbili weka hiyohiyo pamoja na mwangwi mdogo. Zile 198 zilizobaki waachie watu wa roki, nao wanahitaji kuishi.

*Shangazi, rafiki yangu wa Kericho ananicheka. Anasema mtu anayepigia prosesa ni bandia, kwamba amplifaya halisi ni ile yenye valvu. Nimekosa la kumjibu. – Aliyedharauliwa*

Mwulize rafiki yako anapiga nini. Akisema benga, mwambie benga yenyewe ni uigizaji. Wapigaji wa Kijaluo walichukua mwendo wa nyatiti, ile yenye nyuzi nane, wakauhamishia kwenye gitaa. Wakikuyu wakausikia wakautia ladha yao, Wakalenjin nao wakafanya yao. Mugithi anayocheza Ijumaa ni mwigo wa mwigo, na bado anatoa jasho.

Na kama ni Mkipsigis, mkumbushe ya kwao. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika Kapkatet. Huko wasichana wa Kikipsigis walimwimbia Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko juu kwenye milima ya chai. Walisikia sauti ya mtu wasiyemwona ikitoka kwenye gramafoni, wakasadiki ni kiumbe nusu mtu nusu swala, wakampa jina linalotamkika, na wakampigia kinubi chao wenyewe. Kwenye kinubi hapakuwa na valvu wala prosesa. Palikuwa na masikio. Ule wimbo hadi leo unasikilizwa duniani, na hakuna anayeuliza kama ni bandia.

(Valvu napenda, nisisingiziwe. Ila zinapasha chumba joto, na huko Molo hiyo ni faida.)

*Mambo Shangazi. Nina programu ya amplifaya kwenye simu, na iafoni za Bluetooth za kisasa kabisa. Lakini nikipiga uzi, sauti inakuja baadaye. Vidole vyangu vina shida? – Mchelewa, Free Area*

Vidole havina shida. Bluetooth ndiyo inayokuchelewesha. Inafunga sauti, inaituma, iafoni zinaifungua, na hiyo kazi hula mara nyingi kati ya milisekunde 100 na 200. Kwa wimbo wa kusikiliza tu hutajua. Kwa gitaa unajua. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa milisekunde 150 ni kama kupiga gitaa ukiwa golini pale uwanja wa Afraha huku masikio yako yamesimama kwenye duara la katikati. Hapo hata Dokta Nico wa rumba angekosa mdundo.

Tumia hedifoni za waya. Na usichomeke gitaa kwenye tundu la maikrofoni la simu kwa waya wa kubahatisha, kwa sababu gitaa la umeme hutoa mlio mnyonge unaohitaji tundu lililotengenezwa kwa ajili yake. Nunua kiunganishi cha gitaa na simu. Bluetooth iache kwa ule wimbo unaoufuata. Hapo haidhuru.

*Shangazi, binamu yangu aliye Dallas alinitumia amplifaya. Nikaichomeka ukutani, ikalia mara moja, ikatoa moshi. Fundi wa hapa Njoro akaniambia ninunue prosesa. Nikanunua ya mitumba bila adapta, nikatumia adapta ya ruta. Nayo imekufa. Je, nimerogwa? – Mwenye Mikosi*

Pole, baba. Hujarogwa, hujasoma kibandiko tu.

Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120, kwetu ni 240. Hiyo amplifaya ilinyweshwa mara mbili ya inachoweza. Ilihitaji transfoma ya kushushia umeme, ile nzito kama tofali. Mpelekee fundi aangalie fyuzi kwanza. Ukiwa na bahati ni hiyo tu iliyojitoa mhanga.

Kuhusu prosesa: nyingi zinataka volti 9, na ncha ya katikati ya adapta iwe hasi. Adapta nyingi za ruta ni volti 12, na katikati ni chanya. Umekosea mara mbili kwa mkono mmoja. Pale penye tundu la umeme pamechorwa alama ya duara yenye kujumlisha na kutoa, iangalie kabla ya kuchomeka, na uangalie pia volti na ampea. Ampea zikizidi hakuna neno, zikipungua ndiyo shida. Adapta iliyoandikwa 100–240V haiogopi ukuta wa Njoro wala wa Dallas.

Na unaponunua ya mitumba, chomeka jeki uizungushe polepole huku gitaa likilia. Nakuru, wasema Wamaasai, ni mahali pa vumbi, na vumbi hilo hupenda matundu ya jeki. Ikikwaruza, omba punguzo.

*Bwana asifiwe Shangazi. Mimi hupiga gitaa kanisani huku Bahati. Hatuna amplifaya, tunachomeka moja kwa moja kwenye mikisa, na sauti inatoka kama nyuki kwenye mkebe. Je, prosesa moja inaweza kutumika nyumbani na kanisani? – Ndugu katika Kwaya*

Asifiwe sana. Inaweza. Spika ya amplifaya ya gitaa huzima sauti kali, zile za kuanzia hezi 5,000 hivi kwenda juu. Spika za kanisani hazizimi kitu, zinatoa yote, ndiyo hao nyuki. Prosesa ina sehemu ya kuigiza spika na kabati lake. Ukienda kwenye mikisa iwashe, ukichomeka kwenye amplifaya ya gitaa ya mtu izime. Na mtu wa mikisa mpe kitu kidogo cha Krismasi. Yeye ndiye mwenye sauti yako.

*Shangazi, kwa miezi minane nimetazama video za kulinganisha prosesa. Nina jedwali la vifaa 23. Sasa nimebakisha vitatu ila siwezi kuamua. Nimekuambatishia sauti nikipiga gitaa langu bila amplifaya, nimerekodi kwa simu hapa nyumbani Naivasha. Tafadhali sikiliza uniambie kipi kati ya hivyo vitatu kitaufaa mlio wangu. – Mtafiti*

Nimesikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa nimefunga dirisha. Uzi wa tatu umeshuka.