Namna ya Kurekebisha Bayasi Bila Kupima Chochote

Fundi, umeletewa amplifaya ya kizamani, Sansui au Pioneer ya miaka ya 1970, mbao ubavuni na vumbi jekundu la Newala tumboni. Mwenyewe kaachiwa na mjomba wake, na huku kwetu cha mjomba hakichezewi. Analalamika kwamba sauti ikiwa ndogo inakwaruza, ikiwa kubwa haisikiki kasoro. Tulia. Fuata maelekezo haya, utaitwa fundi mkubwa mpaka jioni.

1. Usikimbilie bisibisi. Tega sikio, fumba macho, tikisa kichwa, kisha tamka: "Bayasi." Nusu ya malipo yako iko kwenye neno hilo. Akiuliza ni nini, mwambie ni mambo ya ndani. Ukweli wenyewe ni mwepesi mno kuulipisha: transista kubwa za kutolea sauti hufanya kazi wawiliwawili, huyu anasukuma, huyu anavuta, na bayasi ni mkondo mdogo wa umeme unaozikeshesha hata muziki ukinyamaza. Ukipungua, zinapopokezana panabaki pengo, na mkwaruzo unatokea hapo. Ukizidi, zinaungua. Mteja akishajua hayo ataanza kukushauri.

2. Multimita iweke mezani, ionekane. Usiiwashe. Kuna wenzetu huchomoa spika, huteremsha sauti hadi sifuri, huiacha amplifaya ipate moto dakika 20, ndipo hupima milivolti kwenye rezista ya emita. Rezista ya omu 0.22 ikisoma milivolti 11, zinapita miliampea 50. Wanalinganisha na kitabu cha kiwanda, basi. Ni kugawanya tu, hesabu ya shule ya msingi, na sijaona fundi aliyepigiwa vigelegele kwa kugawanya.

3. Wewe tumia kidole. Gusa bati la kupozea transista: likiwa la baridi, ongeza bayasi, likikuunguza, punguza. Hapa pana utamu wake. Julai, Newala imefunikwa ukungu, watu wamejitanda mablanketi asubuhi, ukisimama Shimo la Mungu huoni hata ng'ambo ya Ruvuma. Bati litakuwa baridi hata bayasi ikiwa juu ya kiwango. Basi utaongeza, na kuongeza tena. Oktoba minada ya korosho inafunguliwa, fedha inaingia, harusi zinafuatana, na amplifaya inateremshwa Masasi kwenye joto ikapigwe usiku kucha. Transista ikipata moto hupitisha umeme zaidi. Umeme ukizidi, moto unaongezeka. Na moto ukiongezeka, tumeshaelewana. Ukikuta kitransista kidogo kimegandishwa kwenye bati hilo, kazi yake ni kuhisi joto na kupunguza bayasi. Kibandue, kinakuzibia nafasi ya kidole.

4. Kidude cha kurekebishia bayasi, kile cha kuzungushwa kwa bisibisi, kizungushe kwa nguvu, amplifaya ikiwa imewashwa. Kimekaa miaka 50 bila kuguswa, mguso wake umeota kutu. Kikiachia, kwenye saketi nyingi bayasi hupanda mpaka mwisho kwa kufumba na kufumbua. Mimi mara ya kwanza nilisikia "tii" nyembamba, ikafuata harufu kama kitunguu kilichosahauliwa kikaangoni. Nikamwambia mzee mwenye mali, "Vumbi hilo, linaungua." Akaniamini siku tatu. Fyuzi ilibaki nzima, nikamwonyesha, naye akafurahi.

5. Waoga huunganisha balbu ya zamani ya wati 60 kwenye njia ya umeme kabla ya kuwasha. Balbu iking'aa isizimike, wanajua ndani kuna hitilafu, wanazima, transista zinapona. Achana nayo. Mteja naye ana macho.

6. Chukua fedha siku hiyohiyo. Akikwambia "nitakulipa msimu", kataa kwa upole, maana msimu ndipo itakapoungua.

7. Ikirudi, visingizio vina mpangilio wake. Anza na umeme wa huku, unavyopanda na kushuka. Asiporidhika, taja barabara: kitu cha miaka hiyo kikitikiswa kwenye gari kupanda Newala na kushuka Masasi, waya gani utabaki mahali pake? Akibaki amesimama mlangoni, muulize kwa huzuni, "Mjomba, spika ulizofunga ni za omu ngapi?" Hatajua. Wachache sana wanajua. Atarudi nyumbani kuchungulia nyuma ya spika, nawe utafunga kibanda mapema.

Multimita ya bei ya chini kabisa dukani husoma hata sehemu ya kumi ya milivolti. Yako iko palepale mezani, na betri yake bado mpya.