Ini Langu Linang'aa

Nimefikisha miaka 47 bila kulamba hata povu la bia. Harusini nakaa meza ya soda, pamoja na watoto na wazee wa kanisa. Kwenye kamati mimi ndiye ninayekabidhiwa fungu la vinywaji, kwa sababu wanajua halitayeyukia kooni mwangu. Sasa naomba mtu anieleze, kwa sifa zote hizo, imekuwaje nimetoka hospitali na ini la mlevi.

Kazini walitutaka tukapime afya. Masharti: usile chochote tangu saa 2 usiku. Nilitii. Asubuhi, saa 12, nilipita tu stendi nikanywa supu ya kongoro. Supu hainyweki? Inanyweka. Chapati mbili zilikuwa za kuisindikiza.

Kijana wa maabara akanitoa damu, akaizungusha kwenye mashine yake, akarudi ameshika kichupa. Wekundu ulikuwa umetuama chini. Juu, mahali panapotakiwa kuwa na majimaji ya manjano, palijaa kitu cheupe kama tui la kwanza.

"Mzee, umekula?"

"Sijala. Nimekunywa."

"Umekunywa nini?"

"Supu."

Akavuta pumzi. Akanieleza kwamba ule weupe ni mafuta, yanaitwa triglisaridi, na kwamba damu ikiwa tui namna ile mashine husoma ovyo. Nirudi kesho, na stendi nipite nimefumba macho.

Kesho yake damu ilitoka safi. Majibu ndiyo yalitoka machafu. ALT 78, na karatasi yenyewe imeandika mwisho wake ni 41. Daktari, binti wa rika la mwanangu wa kwanza, alinifafanulia kwa adabu zote: ALT ni kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya seli za ini. Kikionekana kwa wingi kwenye damu, ujue huko ndani kuna kuta zimebomoka.

Nikapelekwa ultrasaundi. Nimelala, nimepakwa uteute wa baridi, mpimaji akaangalia kioo chake akasema, "Ini linang'aa." Nikamwambia asante. Tangu nizaliwe sijawahi kusifiwa kiungo chochote. Kumbe kung'aa huko ndiyo mafuta yenyewe.

"Mzee, samahani," daktari akauliza niliporudi, "unakunywa?"

Swali hilo lilinikata maini, yaleyale yaliyotoka kupimwa.

"Nakunywa chai."

"Sukari?"

"Vijiko vinne."

"Na soda?"

"Mbili kwa siku, ila ni kwa sababu ya joto."

"Hapa Dar joto linaisha lini?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea. Ini zima lina kilo moja na nusu hivi, na ghala lake la kuweka wanga halipiti sana gramu 100. Likishajaa, kinachozidi linakigeuza mafuta, na mafuta yasipopata pa kwenda yanajenga humohumo. Sukari ya mezani nayo nusu yake ni fruktosi, ambayo sehemu kubwa huangukia mikononi mwa ini. Soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari. Nilianza kupiga hesabu ya harusi zote nilizokaa meza ya watakatifu, nikaona niache.

Ufaransa kuna wafugaji wanaowasukumia bata bukini mahindi kwa mrija hadi ini livimbe mara kadhaa, kisha wanaliuza kwa bei ya kutisha. Mahindi! Bukini ana utetezi, ameshikwa shingo. Mimi sembe najimegea kwa mkono wangu mwenyewe, na nikimaliza naulizia ukoko.

Jirani yangu, ambaye usiku hurudi nyumbani kwa kuufuata ukuta, naye alikwenda kupima wiki hiyohiyo. ALT 29. Alikuja kunionyesha karatasi, ameikunja vizuri kama cheti cha ndoa. Nilirudi kwa daktari kulalamika, akaniambia ALT nzuri si ushahidi kwamba ini ni zima. Wapo wenye ini lililojaa makovu na ALT yao imetulia. Habari hizo nilimfikishia jirani jioni ileile, kwa uchangamfu ambao nitautubu.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni jina. Zamani ugonjwa huu uliitwa ugonjwa wa ini lenye mafuta usiotokana na pombe. Jina tamu hilo! Ushahidi upo ndani yake, ningelichapisha nikalibandika sebuleni. Mwaka 2023 wataalamu wa nchi mbalimbali wakaona halifai, kwamba linataja kisichohusika badala ya kinachohusika, na kwamba kumwita mtu mwenye mafuta ni kumdhalilisha. Wakalibadilisha. Sasa ni ugonjwa wa ini unaohusiana na hitilafu za umetaboli. Hakuna aliyenipigia simu. Wamenikinga nisiitwe mnene, jambo ambalo kioo cha kabatini kinanieleza kila siku, halafu wakamfukuza shahidi wangu wa pekee.

Maana mama mkwe aliiona ile karatasi. Alisoma neno "ini", akaishia hapo, akavua miwani. "Mwanangu," akamwambia mke wangu, Mama Neema, nami nikisikia, "wanaume wa kimya ndio wanaokunywa sana."

Shangazi akaleta chupa ya mitishamba ya kusafisha ini. Daktari alinikataza hata kuinusa: mitishamba mingine huliumiza ini, na chochote nikimezacho ni ini hilohilo litakalotumwa kukisafisha. Dawa yake yeye ni kupunguza kilo. Nina kilo 94, anataka zitoke 7 hadi 9, sehemu kubwa kupitia sahani na miguu. Nilipomsihi aniachie japo raha moja, akaniruhusu kahawa chungu, kwa kuwa watafiti wameona mara nyingi kwamba wanywaji wake hawaandamwi sana na makovu ya ini. Nikakimbilia kijiweni. Mzee wa kahawa akanimiminia kikombe, kisha, kwa ukarimu, akanisogezea sahani ya kashata. Nilikula mbili. Ningemkataaje, mtu mzima yule?

Na mambo hayajaisha. Jumamosi mama mkwe ameitisha maombi nyumbani kwangu, ya kumfungua mkwe wake kutoka kwenye kifungo cha ulevi. Nilimwomba daktari aniandikie mstari mmoja tu kwamba sinywi pombe. Akasema fomu haina nafasi hiyo. Watakuja watu 30. Mama Neema ameshaagiza maandazi, na kreti mbili za soda.