Sifa za Sinia Moja

Hifadhidata moja inayolisha tovuti nne haijawahi kupata mtu wa kuisifu. Mafundi huiita uvivu, wakaguzi huiita hatari, na anayeitumia hukana kama aliyeulizwa ni nani kamaliza mahamri. Dhuluma hiyo!

Kumbe ndiyo rafiki wa mnyonge. Tudor, palipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, fundi kijana hununua kifurushi cha bei ya chini cha kupangisha tovuti, na vingi vya aina hiyo huweka kikomo cha idadi ya hifadhidata. Tuseme wateja wake ni wanne: muuza vipuri vya bodaboda, mpambaji wa mabibi harusi, madrasa na msambazaji wa gesi. Huwapakulia sinia moja.

Kila mmoja hula upande wake, na mpaka ni adabu tu. Adabu hiyo ni kiambishi awali, jambo ambalo Mswahili hahitaji kufunzwa: herufi chache mbele ya jina la jedwali ndizo zinazotenga vipuri na harusi. WordPress, programu ya kujengea tovuti iliyozaliwa 2003, humpa kila anayeanza kiambishi wp_. Fundi akisahau kukibadilisha, tovuti ya pili hukuta nyumba ina wenyewe, na anayetafuta hina hupelekwa moja kwa moja kwenye pistoni na cheni. Tangazo la bure lipi lingeshinda hilo?

Nakala ya akiba nayo ni moja. Madrasa ikivuruga orodha ya wanafunzi, fundi huirudisha nakala ya jana, na muuza vipuri hurudi jana pamoja nayo, oda zake za leo zikiwa zimeyeyuka. Mwizi pia hapati tabu: paswadi moja, majedwali yote.

Hata serikali ya Kenya imeonja utamu wa mlango mmoja. Mwishoni mwa Juni 2023 ilizindua huduma zaidi ya 5,000 ndani ya eCitizen, jukwaa lake la huduma za mtandaoni. Kabla ya Julai kwisha, kundi lililojiita Anonymous Sudan likaufurikia mlango huo kwa maombi ya uongo. Eliud Owalo, waziri wa wakati huo, alisema hakuna data iliyopotea. Wageni walioshindwa kuomba viza mtandaoni wakapewa wakishawasili. Usawa ulioje! Milango ingekuwa mingi, mwenye shida ya pasipoti angelia peke yake.

Fundi wa Tudor hushauriwa ampe kila mteja hifadhidata yake na paswadi yake. Huitikia kwa heshima. Kisha huitazama karatasi iliyobandikwa chini ya swichi ya feni, paswadi moja imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na nafasi iliyobaki haitoshi hata jina la madrasa.