Kuvunja bima ya maisha

Kuvunja bima ya maisha kabla haijaiva ni kudai akiba yake mapema. Kampuni hukata kwanza kamisheni ya wakala na gharama zake. Anayevunja mwanzoni huenda akabaki na risiti tu. Ndiyo maana huhimizwa subira. Nchini Kongo subira ilijibiwa: mwaka 1993 zaire 3,000,000 zikawa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Mikataba 3,000 ya zaire za zamani milioni moja moja ingeleta santimu 1. Mvunjaji wa mapema aliyenunua baiskeli alikuwa bado na kengele. Vijijini, akiba ya mbuzi huvunjwa kwa kisu, bila fomu. Kamisheni huchukuliwa na wajomba.