Utalii wa Tope

Mpwa wangu anasomea usanifu majengo Dar es Salaam. Likizo hii kaja kwangu Makambako na kamera, futi kamba na ugonjwa uitwao urithi. "Mjomba, twende Matembwe tukaone nyumba za kale za tofali mbichi." Nikamwambia nimezaliwa ndani ya nyumba kama hizo, na mshahara wangu wa kwanza niliutumia kuzikimbia. Akaliandika hilo kwenye daftari.

Tukaondoka alfajiri, Julai, baridi ya Njombe imeniingia hadi kwenye magego. Koti juu ya koti. Nauli nililipa mimi, maana ndivyo utalii wa ndani ulivyo: kijana analeta wazo, mjomba analeta hela.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na ufa. Ya pili ilikuwa na ufa na mbuzi. Ya tatu mwenyewe hakuwepo, tukaizunguka kama wezi wa kuku huku mpwa akipapasa ukuta. "Mjomba, ona majani ndani ya tope!" Nayaona. Majani kama hayo niliyakanyaga kwa miguu mitupu kabla ya kufyatua tofali, bibi kasimama pembeni na fimbo. Hakuniambia kwamba naandaa urithi.

Nikamuuliza ukale unaanzia wapi. Nyumba hizi zilijengwa baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishwa wakaacha za wazee wao ziyeyuke na mvua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka jengo la kabla ya 1863. Kule Kwihara, Tabora, tembe la udongo ni makumbusho kwa sababu mwaka 1872 alikaa Livingstone. Hapa kwetu alikaa mjomba wangu, tena miaka arobaini, na hakuna aliyeweka kibao.

"Kwa hiyo hiki kivutio chako nakizidi umri," nikasema. Hilo hakuliandika.

Ya mwisho ilikuwa ya shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kamwene! Inama."

Sikuinama. Kizingiti cha juu kikanipiga palepale kiliponipiga nikiwa kidato cha pili. Ndani, moto jikoni, mahindi yananing'inia darini meusi kwa moshi, dumuzi hathubutu kusogea. Mpwa akapima ukuta: sentimita 40. Mimi nikavua koti la kwanza. Baada ya kikombe cha chai nikavua la pili, na hapo ndipo nilipokasirika kweli. Makambako nina nyumba ya bloku, nimeilipia mkopo miaka kumi, na taarifa ya habari naitazama nimevaa kofia ya sufu.

Mpwa akamsihi shangazi asiiguse nyumba hii, ni hazina ya taifa.

"Sawa, mjukuu wangu," akasema shangazi. "Utahamia lini?"

Mpwa akaanza kufuta lenzi ya kamera, akaifuta muda mrefu sana.

Nyumba inabomolewa mwezi ujao, tofali zitajenga banda la nguruwe. Mabati ya nyumba mpya yameshanunuliwa. Yameegemezwa ukutani, kwenye ukuta huohuo wa sentimita 40, na nusu ya hela yake nilichanga mimi.