Mafuta Yako Wapi? Mwongozo kwa Mwanakamati

Ndugu mwanakamati, hongera kwa kuchaguliwa. Mna mradi wa maji, au wa madarasa, au wa zahanati. Mna mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari jipya la muhtasari. Kabla hamjashonesha fulana, twende kwanza Kongwa, Dodoma.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilibaki na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na wananchi wake wakiyapata kwa mgao. Mwaka uliofuata Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, akapendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe wa John Wakefield, uliotumwa na Serikali ya Uingereza, ukazunguka kwa wiki chache ukarudi na jibu la ndiyo: ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zake Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa mwaka 1947 peke yake walipanga ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000.

Hawakuwa wavivu hata kidogo, na hapo ndipo pa kujifunza. Matrekta mitumba yaliyoachwa na jeshi yaliletwa kutoka Ufilipino. Vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Fikiria dereva wa buldoza mbele ya mbuyu: anausukuma, haujali, anausukuma tena, nyuki wanatoka na hasira zao, na dereva anashuka bila kuzima injini. Vichaka vikilazwa, mizizi inabaki chini imesukana, inapinda majembe. Masika yakipita, udongo unakauka kama saruji, na karanga iliyokwisha kukomaa inabanwa humo humo. Kila siku ilikuwa na adui wake na ushindi wake. Kumbe ushindi wenyewe ulikuwa unahesabiwa kwa ekari zilizosafishwa, na ekari iliyosafishwa haikaangi samaki.

Basi kanuni ya kwanza, na ukisahau nyingine zote ishike hii: kila kikao, baada ya kuthibitisha muhtasari na kabla ya yatokanayo, mmoja wenu ainuke aulize, “Mafuta yako wapi?” Kwenu mafuta ni maji ndani ya ndoo, au dawa mkononi mwa mgonjwa, au mtoto wa darasa la tatu anayesoma barua ya bibi yake bila kukwama. Mwulizaji ateuliwe rasmi, aandikwe kwenye muhtasari, na alipwe posho sawa na wengine. Mkiweza, awe bibi asiyeogopa mtu. Katibu atajibu kwamba mabomba yamenunuliwa. Bibi aseme, “Nimesikia, baba. Maji yako wapi?” Mhandisi atasema tangi limefika asilimia tisini. “Ahsante, mwanangu. Maji?” Mwenyekiti akikasirika, apewe chai, kisha aulizwe yeye.

Angalia sana kwamba sikusema muulize karanga. Karanga nazo zilikuwa njia tu. Kongwa ilipokataa karanga, wakajaribu alizeti, na kwa hilo nawapa heshima yao, maana aliyeshika mafuta moyoni anaweza kubadili mbegu bila kupotea. Ukame ukaiunguza hiyo alizeti pia. Lakini leo Singida na Dodoma ndiko hasa inakolimwa alizeti nchini, kwa mikono ya wakulima wa kawaida, na mafuta yake yako sokoni. Kwa hiyo mkichimba kisima mkakuta maji ya chumvi, msikibembeleze kisima kwa sababu kimeandikwa kwenye mpango kazi. Rudini kwenye ndoo. Labda jibu ni matangi ya kuvuna mvua, labda ni bomba kutoka kijiji jirani, hata kama hamwelewani nao tangu mechi ya mwaka jana.

Mtu wa kumuuliza mapema ni mwenyeji. Wagogo wangeweza kuwaambia ule ujumbe habari za mvua ya Ugogo, inavyokuja mwaka huu na kukosekana mwaka ujao. Njaa za nchi hiyo wamezihesabu kwa majina. Nanyi kabla ya kuchagua mahali pa kuweka bomba, kaeni asubuhi moja njiani wanakopita akina mama na madumu. Mtajua wanaanzia wapi, wanachoka wapi, na kwa nini lile bomba la zamani kule juu halikuwa na foleni hata siku moja.

Tena anzeni kidogo. Shamba la majaribio la ekari chache lingefichua udongo ule kwa gharama ya jembe moja.

Kuna mtego mwingine, nao ni mzuri wa kutazama. Ili karanga za Nachingwea zisafirishwe, ilijengwa reli, na Mtwara ikapata bandari ya kina. Bandari ingalipo na inafanya kazi, nami naifurahia. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, maana mzigo iliojengewa haukuja. Kwenye miradi yetu reli hiyo ni ofisi ya mradi yenye vigae, ni pikipiki ya ufuatiliaji, ni semina elekezi ya siku tatu mjini. Vyote vina kazi yake. Ila kila kimoja kipite kwanza mbele ya bibi, na kikishindwa kumjibu, pesa yake irudi kununua mabomba.

Na wekeni siku ya kusimama. Serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango ule Januari 1951, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Kusimama kulikuwa kwa haki. Kuchelewa ndiko kulikoumiza. Andikeni mapema, mkiwa bado mnapendana: ikifika tarehe fulani ndoo haijajaa, tunaitisha mkutano wa hadhara, tunasoma mapato na matumizi, na wananchi wanaamua. Nawaomba hili kwa dhati, kwa sababu nimeona maboma ya madarasa yaliyofika lenta yakaota magugu, huku watoto wakisoma chini ya mwembe pembeni. Fedha ile ilikuwa ya wazazi wao, waliouza mbuzi na kubeba mawe kwa vichwa.

Limebaki la uzinduzi. Msiufanye masika, wakati hata mfereji wa kando ya barabara unatoa maji. Mgeni rasmi mwalikeni Oktoba, jua likiwa kali na vumbi tupu. Akishuka kwenye gari, mkasi na utepe visubiri. Mpeni kwanza glasi ya maji, ya bombani.