Jinsi ya Kuuzeesha Mgongo Ukiwa Bado Kijana

Kuzeeka si lazima kusubiri miaka. Mwenye bidii anaweza kuupata mgongo wa mzee wa miaka 70 kabla hajafika 40, na vifaa ni vichache: kiti, simu na ukaidi.

Kwanza jua unachokiharibu, maana kazi ya kubahatisha haina heshima. Mtu mzima ana mifupa 206. Kati ya hiyo, 80 ndiyo inayoshika katikati ya mwili: fuvu pamoja na uso 22, vijifupa vya ndani ya masikio 6, kimoja cha kooni kisichoungana na mfupa mwingine wowote, uti wa mgongo 26, na kifua 25. Fuvu liache, ni kaidi kukushinda. Mbavu nazo zitakupotezea muda. Jozi zote 12 hupanda na kushuka kila unapovuta pumzi, hata ukiwa umelala fofofo, na kisichotulia ni kigumu kukizeesha. Nguvu zako zipeleke kwenye uti wa mgongo.

Mtoto huanza na pingili 33. Akikua, tano za chini huungana kuwa mfupa mmoja katikati ya nyonga, na za mwishoni kabisa, kwa kawaida nne, huwa kifandugu. Zinabaki 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za mgongo, 5 za kiuno. Twiga naye shingoni ana 7 tu, ila yeye hana simu.

Wewe unayo, basi itumie. Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne hadi tano hivi, na kikikaa wima shingo hukibeba bila manung'uniko. Kazi huanza kidevu kinaposhuka kifuani. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari mpasuaji wa mgongo wa New York, alikokotoa kwamba kichwa kikiinama kwa nyuzi 60, mzigo unaoilemea shingo hufika kilo 27. Hiyo ni zaidi ya ndoo ya maji ya lita 20, na mwisho wa safari hakuna hata maji ya kuogea. Wanaobeba ndoo yenyewe usiwaige. Watafiti waliowapima wanawake wa Kijaluo na Kikuyu nchini Kenya walichapisha mwaka 1986 kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu za ziada. Wanatembea, tena wima. Watu wa namna hiyo watakuharibia mpango.

Sasa tufike kwenye kiini. Kati ya pingili na pingili kuna diski, jumla 23. Nje ni nyuzi ngumu zilizopishana, ndani ni ute mzito uliojaa maji. Mchana kutwa uzito wa mwili huyakamua maji hayo, usiku yanarudi, ndiyo maana jioni unakuwa mfupi kwa sentimita moja hivi kuliko ulivyoamka. Lakini siri kubwa ni hii: diski ya mtu mzima karibu yote haina mishipa ya damu. Chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye pingili za jirani, na kuinama, kuinuka na kutembea ndiko kunakosaidia kuyasukuma maji yaingie na kutoka. Kwa hiyo huna haja ya nyundo. Inyime mwendo, itadhoofu yenyewe.

Kaa, basi. Kiu ikikushika, mtume mtoto. Mwenzako akiwa meza ya pili ofisini, mpigie simu. Basi likisimama abiria wakachimbe dawa, wewe baki kitini ulinde begi lako la nguo mbili. Na ukikaa, jikunje mbele: Alf Nachemson wa Sweden alipima shinikizo ndani ya diski za watu hai kwa sindano, akakuta aliyekaa ameinama mbele anaikandamiza diski kuliko aliyesimama. Sigara ni nyongeza nzuri, kwani hupunguza damu inayofika kwenye pingili, yaani jikoni kwenyewe.

Diski ikishadhoofu, ipe mtihani. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55, lakini wafunga lumbesa hawakupata barua hiyo. Tafuta gunia lao. Miguu wima, mgongo upinde, gunia liwe mbali na tumbo, vuta kwa mpigo, kisha jizungushe kiunoni. Ute ukipenya nyuzi na kuugusa mshipa wa fahamu, maumivu yatashuka takoni, pajani, hadi wayo. Mara nyingi ni diski mbili za mwisho kiunoni. Hongera.

(Ukipata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, utani umekwisha: hospitali, saa hiyohiyo.)

Kwa maumivu ya kawaida, daktari atakuambia uendelee kutembea kadiri unavyoweza. Mpuuze, lala wiki mbili chali. Halafu dai eksirei. Diski yenyewe haionekani humo, kinachoonekana ni nafasi tupu kati ya mifupa, lakini ukiitundika picha hiyo sebuleni, hakuna shemeji atakayethubutu kukuomba umsaidie kuhamisha kabati.